Kijana Mwenye Kutaka Pete, Mbona Wakimbilia Machimboni?

Imekuwa kawaida siku hizi kumsikia kijana wa Mombasa au Malindi, aliyepata kazi ya ualimu au ya ukarani huko Migori au Homa Bay, akiwaambia wenzake barazani kwamba pete ya mchumba wake hatainunua kwa sonara. Ataitoa huko huko dhahabu inakochimbwa. Maana yake ni kwamba atakwenda mwenyewe Nyatike, anunue dhahabu mkononi mwa mchimbaji, aifunge kitambaani, na akirudi nyumbani likizoni ampe fundi aifue pete. Wenzake humsifu kwa ujanja, na mama yake hufurahi kwa kuwa gharama ya harusi imepungua. Mimi nasema kijana huyo anaiendea hasara kwa miguu yake, na lililo baya zaidi ni kwamba anamtia katika hasara hiyo binti wa watu ambaye hakuwapo wakati wa biashara.

Sisemi kwamba Migori hakuna dhahabu. Ipo, tena ni ya zamani. Habari za dhahabu ya Kakamega zilipoenea mwaka 1931, watafutaji walitawanyika Nyanza nzima, na katika miaka hiyo ya 1930 kazi ya kuchimba ilikuwa imeshika moto kusini pia. Mgodi mkubwa wa Macalder, ambao wenyeji huutamka Makalda, ulitoa dhahabu pamoja na shaba na fedha mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Tangu hapo kazi imebaki zaidi mikononi mwa wachimbaji wadogo wadogo, katika mahali kama Osiri, Mikei na Masara, na mawe hayo yenye dhahabu yanaendelea mpaka ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime katika Tanzania. Homa Bay ni jirani. Yenyewe inajulikana zaidi kwa samaki na kwa miji yake ya ziwani, lakini habari za dhahabu ya jirani hufika katika kila mkahawa wa chai, na huko ndiko kijana wetu anakozipata.

Jambo la kwanza ambalo kijana haelezwi ni kwamba dhahabu haitoki ardhini ikiwa safi. Mara nyingi huwa imechanganyika na fedha, na kiasi cha mchanganyiko huo hutofautiana baina ya shimo na shimo. Jiwe hutolewa chini, likapondwa, likasagwa kinuni mpaka likawa unga, kisha unga ukaoshwa kwa maji. Dhahabu yenyewe ni chembe ndogo mno, kwa hiyo wachimbaji humwagia zebaki ili izikusanye chembe hizo pamoja. Wakishapata donge, hulikamua kwa kitambaa, halafu hulichoma moto zebaki iondoke kwa mvuke. Kinachobaki ni kidonge chenye vitundu vitundu kama sifongo, rangi yake imepauka, na ndani yake mna dhahabu, mna fedha, na mara nyingi mna mabaki ya zebaki ambayo moto haukuyamaliza.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kijana amenunua gramu 5 za kidonge hicho, akalipa bei ya dhahabu safi kwa kuwa alikwisha kuiona bei hiyo kwenye simu. Ikiwa usafi wake ni sehemu 80 katika 100, basi ndani ya gramu zile 5 mna dhahabu gramu 4 tu. Gramu nzima amelipia bure. Akimpelekea fundi, fundi ataiyeyusha na kuisafisha, na katika kuyeyusha hupotea kidogo tena, na fundi naye ana ujira wake. Iko wapi nafuu?

Atajibu kwamba yeye hatalipa bei ya dhahabu safi, kwa sababu machimboni bei ni rahisi. Hapa ndipo ninapowashangaa vijana wetu waliosoma. Mchimbaji wa Osiri ana simu mfukoni kama wao, na bei ya London anaijua asubuhi kabla hajashuka shimoni. Isitoshe, yeye si mtu huru wa kumuuzia kila apitaye. Kuchimba kwataka fedha za chakula, za mafuta ya pampu ya kutoa maji, na za kusagia mawe, na mara nyingi fedha hizo hutolewa na mnunuzi ambaye amekwisha kujiwekea haki ya kuipata dhahabu ile itokapo. Kwa hiyo dhahabu ya kweli ina mwenyewe kabla haijaoshwa. Mgeni wa pwani anapofuatwa pembeni ya stendi ya Migori na mtu wa upole, akaonyeshwa kidonge chenye kung'aa kwa nusu ya bei, na ajiulize: kwa nini yule mnunuzi aliyepo kila siku hakukitaka?

Udanganyifu wa dhahabu katika nchi yetu si jambo dogo. Mwaka 2019 kashfa ya dhahabu bandia ya Nairobi ilivuma mpaka Dubai, na waliolalamika walikuwa ni wanunuzi wakubwa wenye mawakili na wapimaji. Ikiwa watu kama hao walizungushwa, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mshahara wa mwezi mmoja mkononi atatoka salama kwa nini?

Wako wanaoamini majaribio ya mitaani. Mmoja huleta sumaku, na kitu kikikataa kushikwa, hupiga takbira. Lakini shaba haishikwi na sumaku, na shaba nyeupe wala risasi hazishikwi vile vile. Sumaku humfichua mwizi mjinga tu. Mwingine huuma kwa meno, na risasi nayo ni laini menoni. Yako pia mawe ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano ya kuvutia, na hayo angalau yana dawa nyepesi: ukiyapiga nyundo huvunjika vipande vipande, ilhali dhahabu hutandazika. Jaribio la maji lina ukweli ndani yake, kwa kuwa dhahabu ni nzito mno. Kipande cha gramu 19 cha dhahabu safi huondoa maji ya kiasi cha gramu moja hivi, na cha shaba chenye uzito huo huo huondoa zaidi ya gramu mbili. Lakini kwa kitu cha gramu nne tofauti hiyo ni ndogo sana, mizani ya jikoni haiwezi kuiona, na iko madini iitwayo tungsteni ambayo uzito wake ni karibu sawasawa na wa dhahabu. Kipimo cha kutegemewa ni jiwe la sonara na tindikali yake, au ile mashine ya miali iliyo katika maduka makubwa. Vyote viwili havipatikani pembeni ya stendi.

Na kuna sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yamtaka mchimbaji mdogo awe na kibali, na yamtaka afanyaye biashara ya madini awe na leseni. Kijana mwenye kidonge mfukoni, akikutwa nacho barabarani bila ya karatasi yoyote, hana la kumwambia askari. Kusema "ni ya pete ya mchumba wangu" hakutamsaidia, na mara nyingi atatoka hapo akiwa hana kidonge wala nauli.

Zebaki nayo haifai kupitwa haraka, kwa sababu wengi wetu tunaiona ni habari ya watu wa huko mbali. Wanaoponda na kuosha mawe machimboni, wengi wao ni wanawake, na pengine mtoto yuko mgongoni au anachezea kando ya karai. Zebaki hushikwa kwa mikono mitupu, na inapochomwa hewani mvuke wake huvutwa na kila aliye karibu. Hudhuru neva, hudhuru figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni kabla hajazaliwa. Inayomwagika huteremka na maji mpaka mitoni, na mto Migori hukutana na Kuja na kuishia ziwani, waliko samaki. Dunia imeona hatari hiyo hata ukawekwa Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017. Mtu atasema kwamba hata dhahabu ya dukani huenda ilipita katika zebaki. Ni kweli, na sonara mwenyewe hawezi kukuapia. Lakini kuna tofauti baina ya kutojua na kwenda mwenyewe kulinunua donge linalotoka moshi mbele ya macho yako, kisha ukaliita baraka ya ndoa. Dini yetu yakataza kudhuru na kulipizana madhara, na sijaona palipoandikwa kwamba katazo hilo haliingii katika mambo ya harusi.

Basi tuseme kijana ameyasikia haya, ameachana na machimbo, na amekwenda kwa sonara wa Kisumu au amengoja mpaka afike Mombasa. Je, amesalimika? Bado, maana duka nalo lina mashimo yake.

Neno lenyewe karati huwachanganya watu. Kwa dhahabu, karati ni kipimo cha usafi katika sehemu 24. Karati 24 ni safi, na hiyo ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Karati 22, ambayo mama zetu wa pwani ndiyo waipendayo, ina dhahabu sehemu 22 na madini mengine sehemu 2. Karati 18 ni robo tatu, na karati 9 haifiki nusu. Kwa almasi na vito, karati ni uzito, na moja ni sehemu ya tano ya gramu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ni karati moja", na akikuambia "hii ni karati kumi na nane", anazungumzia mambo mawili yasiyohusiana. Pete mbili za gramu 4 zaweza kufanana kwa rangi na umbo, moja ikiwa ya karati 18 ina dhahabu gramu 3, na nyingine ikiwa ya karati 9 ina gramu moja na nusu. Nusu kwa nusu! Na machoni zote ni pete.

Chapa iliyogongwa ndani ya pete husaidia ukijua kuisoma. 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Ukiona 925, hiyo ni chapa ya fedha, hata kama pete inang'aa manjano, maana imechovywa tu. Wako watu wengi ambao macho yao hukimbia, wakaiona 925 wakadhani ni kubwa kuliko 916, basi ndiyo bora. Herufi GP nazo zina maana ya kuchovya. Lakini chapa hugongwa na mtu, na mtu aweza kugonga apendavyo. Mwambie sonara apime mbele yako juu ya jiwe lake. Sonara mwaminifu hakasiriki. Akikasirika, aga vizuri uondoke.

Halafu mizani. Pete yenye kito hupimwa pamoja na kito chake, na asiyeuliza hulipia kioo kwa bei ya dhahabu. Uliza uzito wa dhahabu peke yake. Uliza bei ya gramu siku hiyo, na uliza ujira wa fundi kando, kwa sababu siku utakayotaka kuiuza ujira huo haurudi. Utalipwa dhahabu tu. Wazee wetu walikwenda kwa tola, na wako masonara waendao kwa tola hata leo. Tola moja ni gramu 11 na zaidi ya nusu kidogo, si 10, na katika tofauti hiyo watu wameliwa. Kisha dai stakabadhi iliyoandika gramu, karati, bei ya gramu na ujira. Stakabadhi iliyoandikwa "pete moja ya dhahabu" haina thamani kuliko karatasi ya kufungia karanga.

Kwa Mwislamu liko shimo jingine ambalo muuzaji hatamwonyesha, nalo ni la riba. Tunaijua Hadithi ya Ubada bin Samit juu ya dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha, sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameziweka noti mahali pa dhahabu na fedha katika hukumu hii ya mkono kwa mkono. Kwa hiyo kuichukua pete leo na kuilipa kidogo kidogo mwisho wa kila mwezi, kama tununuavyo redio au godoro, wao hawakubali. Vile vile kulipa arabuni leo na kuichukua pete baada ya miezi mitatu, bei ikiwa imekwisha kufungwa. Asiye na fedha za kutosha na aweke akiba kwanza, kisha siku ya kununua alipe na kuchukua. Malipo ya simu, kwa kuwa fedha humfikia muuzaji papo hapo, wengi hawayaoni kuwa na tatizo.

Na ile desturi ya kubadilisha! Mama hutoa bangili yake ya zamani ili mwanawe apate pete mpya, sonara huipima, huitia thamani, na kijana huongeza fedha juu. Jambo hili latendeka kila siku na watu wema, wala hawajui kwamba ndilo lililokatazwa, dhahabu kwa dhahabu pamoja na nyongeza. Njia ya kutokea ilifunzwa zamani katika habari ya tende za Khaybar, pale walipokuwa wakitoa pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri. Waliambiwa wauze zile duni kwa fedha, kisha kwa fedha hizo wanunue nzuri. Basi na iuzwe bangili, fedha zihesabiwe na kutiwa mkononi, ndipo inunuliwe pete, kwa sonara huyo huyo au kwa mwingine. Zaidi ya kuwa ni halali, njia hii humnufaisha mnunuzi, kwa sababu bei mbili hutokeza wazi badala ya kufichana moja ndani ya nyingine.

Siku hizi pia imeingia mitindo ya pete mbili, ya bibi na ya bwana. Dhahabu ni halali kwa wanawake wetu na ni haramu kwa wanaume, na hilo kila mtoto wa chuoni alijua. Ila wako wanaodhani wamepata upenyo wakinunua dhahabu nyeupe. Dhahabu nyeupe ni dhahabu ile ile, iliyochanganywa na madini meupe na mara nyingi ikapakwa juu. Mwanamume anayetaka pete na avae fedha. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alivaa pete ya fedha na aliitumia kuwa muhuri. Na kwa kuwa tumetaja kuvaa: kumvisha pete mchumba ni kazi ya mama au dada wa kijana, si yake mwenyewe kumshika mkono binti ambaye bado hajawa mkewe, hata kama mpiga picha amekwisha kutega kamera.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote hayo. Pete hii ni nini? Ni hidaya, au ni mahari, au ni sehemu ya mahari? Waulize washenga kumi watakaokwenda posa mwaka huu. Wengi watacheka, wakasema ni pete tu. Nao ndio watakaoitwa tena mambo yakiharibika.

Uchumba ukivunjika, pete hurudi kwa nani? Wanazuoni wamehitilafiana. Wako wasemao kilichotolewa kwa ajili ya ndoa hurudi ndoa isipokuwapo. Wako wanaotazama ni upande gani ulioivunja ahadi. Wako wanaotazama kama kitu chenyewe bado kipo au kimekwisha kutumika. Ndoa ikifungwa, halafu talaka ikatokea kabla ya wawili hao kuingiliana, mke ana nusu ya mahari yaliyotajwa, kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara. Nusu ya nini, ikiwa lililotajwa ni "pete ya dhahabu"? Ya karati 22 au 9? Ya gramu nane au mbili? Mume akisema ilikuwa ni zawadi na mke akasema ni mahari, kadhi atamwamini nani? Mahakama za Kadhi zimepewa na Katiba ya mwaka 2010 mamlaka ya kuamua mambo yetu ya ndoa, talaka na mirathi, lakini kadhi naye ni binadamu, hapimi pete iliyokwisha kuuzwa.

Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, si ya baba yake wala ya ami zake. Katika Hadithi ya yule masikini aliyetaka kuoa, aliambiwa atafute hata pete ya chuma. Kwa hiyo udogo si aibu. Pete ya gramu mbili iliyotajwa waziwazi ni mahari kamili. Pete kubwa ya manjano ambayo haijulikani ni nini inamwacha mwanamke na kitu ambacho siku ya dhiki, mtoto akiugua au mume akifa, atakipeleka kwa sonara na kuambiwa ni shaba iliyochovywa. Miaka ishirini alijihesabu ana akiba kidoleni, kumbe hana kitu.

Kijana anayeposa huko huko Nyanza, katika jamaa za Kiislamu za Kendu Bay au za Homa Bay mjini, aangalie zaidi. Kendu Bay ni mji mkongwe wa ziwani ambako Waislamu wamekaa kwa vizazi, na kwao dini na mila ya Kiluo hukaa nyumba moja. Kwa Waluo mambo huanza na ayie, fedha anazopewa mama wa binti kuwa ni ishara ya kwamba ameridhika, na baadaye huja habari ya ng'ombe kwa wazee. Yote hayo yana heshima yake, wala mgeni wa pwani asiyacheke. Sisi nasi tuna mkaja na kilemba chetu. Lakini ayie ni ya mama, na ng'ombe ni wa wazee. Kijana aweza kutoa vyote hivyo, akaongeza pete aliyoipata machimboni, akahisi amekwisha kulipa kila kitu, kumbe binti mwenyewe hajapewa mahari yake. Au kinyume chake, wazee wa huko wakaiona pete imekuja na washenga, wakadhani watu wa pwani wanaitoa mahali pa ayie, na mama mtu akanuna mpaka siku ya harusi. Ni maneno mawili tu yanayotakiwa kusemwa mapema, kila kitu kwa jina lake.

Ninajua watakaonijibu. Watasema kutaja gramu mbele ya wakwe ni utovu wa adabu, kwamba mtu hawi anauza binti wala ng'ombe, na kwamba pete ni mapenzi. Nawaheshimu, lakini nawauliza: mbona tunapotaja mahari ya fedha tunataja shilingi ngapi, na hakuna anayeona haya? Mbona shamba tukilitoa mahari twataja mipaka yake, minazi mingapi na ukuta uko wapi? Dhahabu peke yake ndiyo tunayoitaja kwa jina tu, kama kwamba jina lina uzito. Na wanaofaidika na haya yetu ni mwenye duka asiye mwaminifu na yule mtu wa upole wa stendi ya Migori.

Mshenga akiondoka na kisanduku cha pete, na abebe pia stakabadhi ya sonara. Wakati wa kuvisha, mama wa kijana amkabidhi mama wa binti vyote viwili. Na siku ya nikahi, ikiwa pete ni katika mahari, anayeandika aambiwe aandike: pete moja ya dhahabu, karati 22, gramu 4, bila ya kito. Maneno hayo hayajazi hata mstari mmoja wa cheti.